Sikio Linalotangulia

Saa ya ukutani ya betri, hizi tunazonunua Soko la Majengo, haisemi tiki-taka. Inasema tiki, basi. Mshale wa sekunde unaruka, mlio ni uleule, haupandi wala haushuki. Lakini usiku umeme ukikatika na friji ikanyamaza, kaa sebuleni uisikilize. Haitapita dakika utaanza kusikia mlio mmoja mzito na wa pili mwepesi, miwili miwili. Ukiamua, unaweza kuipanga iwe mitatu mitatu, mzito mmoja na myepesi miwili. Saa haijafanya lolote. Kazi yote umeifanya wewe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma mjini. Vipindi vya sanaa na michezo ni vyangu, zaidi kwa sababu walimu wenzangu wanavikwepa, na darasa jipya huwa naliingiza kwa saa hiyo. Watoto hubishana. Huyu anasema pigo zito ndilo la kwanza, yule anasema hapana, ni la pili. Nawaacha mpaka wachoke. Hakuna wa kumshinda mwenzake, maana wanachobishania hakimo ndani ya saa, kimo vichwani mwao, katika tabia ya sikio kukimbilia mbele kulisubiri pigo ambalo halijafika. Nimepiga ngoma, nimecheza ngoma, sasa nafundisha ngoma, na nikisema neno mdundo huwa namaanisha huko kusubiri.

Nililipata hilo kwenye kinu kabla sijalipata kwenye ngoma. Kwetu ni wilaya ya Chamwino, kijiji kilicho kando ya reli ya kati, na ugali wetu ulikuwa wa uwele na mtama. Mashine ilikuwepo, ila ilikuwa mbali na ilitaka hela, kwa hiyo kukoboa kulifanyika uani. Uwele unanyunyiziwa maji kidogo ganda lilegee, unamiminwa kinuni, kisha wanasimama wanawake wawili, au watatu kama kuna shughuli. Michi mitatu, kinu kimoja, na mdomo wa kinu ni wa kuingia sahani moja tu. Michi ikikutana humo ndani, mkono unaingia ganzi mpaka kwenye kiwiko.

Hakuna aliyehesabu. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na mbwembwe zake: mchi ukifika juu anauachia, anapiga kofi moja, anaudaka unaposhuka. Akichoshwa na hilo anaugonga ukingo wa kinu kwa ubavu wa mchi, ko, ndipo anaushusha ndani. Wenzake hawakupepesa jicho. Kofi na ile ko vilikuwa mali yake, afanye apendavyo. Lililowahusu ni pigo la ndani, na lile lilifika palepale walipolitegemea.

Nilipopewa mchi wangu kwa mara ya kwanza, alinipa fundisho moja tu. "Usiangalie mchi wa mwenzio, mwanangu. Ukiuona umeshachelewa."

Nilikuja kukuta jambo hilohilo miaka mingi baadaye, nikiwa masomoni. Watafiti huwapa watu kazi rahisi: gonga kidole mezani pamoja na mlio unaojirudia sawasawa. Kidole cha mtu wa kawaida hakiji baada ya mlio, mara nyingi kinautangulia kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na mwenyewe hajui. Anaamini kabisa amegonga nao pamoja. Mtu anayengoja asikie kwanza ndipo agonge hawezi kwenda na mdundo, kwa sababu kusikia na kuamuru mkono vyote vinachukua muda. Shangazi hakuwa na mashine ya kupimia, lakini alikuwa na michi mitatu ndani ya kinu kimoja, na nadhani hicho ni kipimo kikali zaidi.

Ngoma yenyewe ni muheme. Watu wa mbali wakitaja muziki wa Wagogo hukumbuka kwanza zeze la nyuzi na ilimba ya kupigwa kwa vidole gumba, na wana haki, maana mwanamuziki Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma, alivibeba vyombo hivyo kutoka huku kwetu mpaka Bagamoyo, na kutoka hapo mpaka Ulaya, mpaka alipofariki mwaka 2003. Ila muheme ni ngoma ya wanawake. Wapigaji ni wanawake, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, magoti yamekunjwa kidogo, mikono mitupu juu ya ngozi. Kabla ya kuanza ngoma zinaoteshwa moto au jua mpaka ngozi ikaze, na kila baada ya muda kuna mama anatoka pembeni kuipasha yake tena kwa sababu sauti imelegea. Wanaume wanacheza mbele na njuga miguuni.

Ukitaka kuiona bila kualikwa kwenye sherehe ya mtu, nenda Chamwino mwezi wa Julai kwenye Tamasha la Muziki wa Cigogo. Julai ni kiangazi, vumbi jingi, asubuhi baridi inakutafuna masikio. Mimi huwa naenda, na pamoja na kutazama ngoma huwa nawatazama wageni. Mgeni anafika, anapenda, anaanza kupiga makofi. Kwa muda kidogo anakwenda vizuri. Kisha uso unabadilika, mikono inasita, anatazama kulia na kushoto, anaacha. Kilichomkuta ni hiki: alikamata hesabu ya mikono ya wapigaji, inayokwenda mitatu mitatu, halafu jicho lake likaangukia miguu ya wachezaji, ambayo ndani ya muda uleule inakanyaga miwili miwili. Akahamia kwenye miguu, na makofi yake yakakosa pa kukaa. Mtoto wa Kigogo hapotei hapo, maana tangu amebebwa mgongoni mama yake akitwanga ameshazoea kuwa na pigo la kwake na pigo la watu wengine kwa wakati mmoja, bila kuliacha hata moja.

Niruhusuni ninung'unike kidogo. Kwaya zetu nyingi mjini siku hizi zimenunua vinanda vyenye biti zilizopangwa tayari kiwandani. Unabonyeza kitufe, ngoma inalia, haichoki wala haikosei. Sina ugomvi na kinanda. Ugomvi wangu ni kwamba ile biti haimsubiri mtu. Mwimbishaji akiwa na nguvu anataka kuvuta neno moja kidogo, watu washike pumzi, ndipo waangukie kwenye kiitikio, na biti imeshampita iko mbali. Basi anajifunza kutovuta. Baada ya mwaka mmoja kwaya nzima inaimba imenyooka, na waumini wanakaa vitini wakati zamani walikuwa wanasimama wenyewe. Mpiga ngoma mzuri anajua kanisa zima linasubiri nini, na anajua kulichelewesha kwa kiasi ambacho watatabasamu badala ya kukasirika.

Darasani nina zoezi moja ninalolipenda kuliko yote. Tunatembea uwanjani kwa kuzunguka, mimi napiga ngoma. Katikati nanyamaza ghafla. Wao wanaendelea kutembea kimya, na tukifika mahali fulani nanyanyua mkono, wote wapige kofi pamoja. Muhula unapoanza makofi hutawanyika, pa-pa-papa, mvua ya mabati. Wiki zinavyokwenda yanakusanyika. Wasiojua kusoma vizuri wakati mwingine ndio wanaofika wa kwanza, na hapo huwa nawatazama wale wanaoongoza kwa alama wakihangaika, nikifurahi kimoyomoyo. Mwalimu naye ni binadamu.

Waliohamia huku na serikali tangu mwaka 2016, wengi wao wakitokea Pwani, huniuliza vuli yetu inaanza lini. Hatuna vuli. Dodoma ina msimu mmoja: mvua zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinaisha Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600 hivi. Zaidi ya nusu ya mwaka ni ukavu na upepo. Hilo watu wanalizoea haraka. Kisichozoeleka ni Februari, pale mvua inapoweza kukatika katikati ya msimu, wiki moja, mbili, wakati mwingine zaidi, mtama ukiwa magotini. Mkulima wa Kigogo anajua kabisa kwamba hilo pengo lipo. Analingojea kama anavyongoja mvua yenyewe. Asichojua ni urefu wake. Ndiyo maana shangazi hakuwahi kupanda mbegu zote kwa mkupuo. Sehemu aliiweka ardhini ikingali kavu, sehemu baada ya mvua ya kwanza, na nyingine ilibaki ndani juu ya jiko, kwenye moshi, mpaka aone. Majirani waliompita kwa elimu walimcheka mwaka ambao mvua ilinyesha kwa utaratibu. Mwaka uliofuata walikuja kuomba mbegu.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilivuruga hesabu zote. Watu waliozoea kusubiri mvua wakajikuta wanasubiri ikatike. Nakumbuka wazee wakiwa wamekaa barazani hawana la kusema, na kwa wazee wa Kigogo hilo ni jambo la kutisha kuliko mafuriko.

Mibuyu nayo ina saa zake. Ua la mbuyu hufunguka jioni jua likizama, jeupe, limening'inia kichwa chini, popo wanalijia usiku, na kesho yake limeshanyauka. Ukitaka kuliona unapaswa kuwa pale wakati wa magharibi. Nimewapeleka wanafunzi, tukakaa chini ya mti na viazi vya kuchemsha, tukisubiri. Walikuwa watulivu kuliko walivyowahi kuwa darasani, kwa sababu safari hii walijua kwamba kitu kitatokea na walijua kinakaribia saa ngapi.

Zabibu ni habari nyingine kabisa, na mimi huwa nawaambia wanafunzi wakubwa kwamba hapo mpiga ngoma ni mwenye mkasi. Kwenye nchi za baridi mzabibu hulala msimu wa baridi na kuamka wenyewe joto likirudi. Hapa hakuna baridi ya kuulaza. Ukiuacha utaendelea kutoa majani ovyo. Kwa hiyo mkulima anaupogoa, anakata matawi mpaka shamba linaonekana limekufa, na mzabibu unashtuka, unaanza upya kuchipua na kutoa maua. Hesabu miezi kama minne kuanzia siku ya mkasi, utakuwa unachuma. Ndivyo mashamba ya Hombolo na Mpunguzi yanavyoweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Mjomba wangu ana ekari chache, na ukimuuliza atavuna lini hatazami mbingu. Anakutajia tarehe aliyopogoa.

Baba alikuwa mtu wa reli. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910 wakati wa Wajerumani, na yeye aliitumikia kwenye kikosi cha matengenezo ya njia, kipande cha Igandu na Kikombo, kuanzia ujana wake mpaka alipostaafu. Kazi yao ilikuwa kutembea. Kutembea juu ya mataruma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli kwa kukatiza, asubuhi kwenda, jioni kurudi, nyundo begani, wakikaza bolti na kushindilia kokoto. Reli za zamani ni vipande vilivyoungwa kwa vyuma na bolti, na kati ya kipande na kipande huachwa pengo dogo ili chuma kipate pa kutanukia jua likiwaka. Gurudumu likivuka pengo linagonga. Mabehewa yana magurudumu yaliyokaa jozi jozi, ndiyo maana garimoshi linakwenda ta-tak, kimya, ta-tak, kimya. Sisi watoto tulikuwa tunalitilia maneno, kila kijiji maneno yake. Baba alikuwa analisikiliza kikazi. Tukiwa tunakula usiku treni ya mizigo inapita, yeye ananyamazisha watu kwa kidole, halafu anasema, "Pale kwenye kalvati bolti imelegea." Alikuwa amesikia ta-tak moja iliyokuja na uzito usio wake. Asubuhi anaondoka na spana.

Treni ya SGR iliyoanza kuja Dodoma mwaka 2024 haigongi hivyo, reli zake zimechomelewa kuwa ndefu moja kwa moja. Tulimpandisha mara moja kwenda Dar. Alikaa dirishani, kilomita 160 kwa saa, mkono kwenye paja, na tulipofika Morogoro aliniuliza, "Sasa hawa wanajuaje njia ikiharibika?" Nikamwambia wana vifaa vya kupimia. Hakuridhika.

Huo mkono kwenye paja ulikuwa unatetemeka. Mwanzo tulisema uzee. Hospitalini wakasema ni ugonjwa wa Parkinson, ule ulioelezwa kwa mara ya kwanza na daktari Mwingereza James Parkinson mwaka 1817. Mtetemo wake nao una mdundo, mapigo manne hadi sita kwa sekunde, mkono ukiwa umetulia, na ukiunyanyua kushika kikombe unapungua. Nilipokuwa nikimtazama nilikuwa nauhesabu bila kutaka. Ni mdundo ambao haukuombwa na mtu na haumsaidii mtu.

Kilichotuumiza zaidi kilikuwa miguu. Hatua zilifupika mpaka akawa anaburuza. Kisha akaanza kuganda. Anatoka sebuleni vizuri, akifika mlangoni miguu inagoma. Anaitazama. Mwili wa juu unataka kwenda, visigino vimeshikwa na sakafu. Mtu aliyetembea reli miaka yote ile anashindwa na kizingiti. Mama alikuwa anamwambia "nyanyua mguu, baba fulani, nyanyua," na kadiri alivyoambiwa ndivyo alivyoganda.

Mtaalamu wa mazoezi tiba, kijana mdogo tu, alikuja na utepe mweupe wa plasta. Akaubandika sakafuni vipande vipande, kutoka sebuleni kupita mlangoni mpaka uani, kila kimoja hatua moja kutoka kwa mwenzake, akamwomba mzee akanyage kuvuka kila kipande. Baba alivitazama, akacheka kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia siku nyingi. "Mataruma haya!" Akanyanyua mguu. Akapita mlangoni. Akageuka akauliza nani amepanga haya mataruma, maana hayajanyooka.

Kijana akatueleza kwamba ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu inayosaidia kuianzisha na kuipanga miondoko tuliyoizoea, kama kutembea, na ndiyo iliyodhoofika. Mistari inayoonekana au mlio unaosikika unaweza kuchukua sehemu ya kazi hiyo kutoka nje. Hauponyi. Unampa mguu mahali na wakati wa kufika, hivyo hausubiri tena amri ambayo inakuja imechelewa. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikimkumbuka shangazi na mchi wake.

Utepe huwezi kuubandika mpaka kanisani, kwa hiyo tukahamia kwenye mlio. Nilihesabu hatua zake kwa dakika akiwa amechangamka, nikapiga debe kwa kasi hiyohiyo, nikaongeza kidogo sana. Alirefuka hatua. Shangazi, ambaye sasa ni bibi wa kushika fimbo, akanipokonya debe akisema nampigia kaka yake ngoma ya msiba. Alipopiga yeye, kwa ule mtindo wa kuweka ko pembeni, baba alitembea mpaka kwenye mwarobaini na kurudi, na mkono ukaanza kuning'inia na kupunga ulivyokuwa zamani.

Sasa mjukuu wake amemrekodia muheme kwenye simu, na ana spika za masikioni. Mgogoro uliopo ni wa nyimbo. Kasi inayomfaa iko karibu na hatua mia moja kwa dakika, lakini yeye anataka tenzi za ibada za polepole alizozizoea, ambazo akiziweka hatua inafupika, anaanza kuburuza, mama anapiga kelele kutoka jikoni. Jumapili iliyopita mjukuu alizifuta zote kwenye simu. Mzee amegundua, na amesema hatoki nje ya geti mpaka zirudishwe.